Baba anamwamini anayemjibu kwa neno moja

Shikamoo mama.

Nakuandikia kutoka Tanga. Mimi ni mtoto wa pili kati ya wanne, nimeolewa, lakini nakaa karibu na wazazi, kwa hiyo mambo yote ya baba ya hospitali yananiangukia mimi. Baba ana miaka 63. Alikuwa fundi magari, na mpaka leo vijana aliowafundisha humpitia nyumbani kumuuliza mambo ya injini.

Miaka minne iliyopita aligundulika na kisukari cha aina ya pili. Akaanzishiwa metformin, baadaye wakamwongezea glibenclamide. Vidonge alivimeza bila matatizo. Kilichomchosha ni majibu. Kila tukienda kliniki baba ana swali moja tu: "Daktari, hii kitu itaisha lini?" Na kila daktari, maana wanabadilika, anamjibu vilevile: inategemea. Inategemea unavyokula, inategemea figo zako, tutaona kipimo kijacho. Baba anatoka pale amenuna. Njiani ananiambia, "Mtu anayejua kitu anajibu. Anayezunguka hajui, au anaficha."

Mwezi wa tatu kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani na kijana anayeuza dawa lishe. Kijana ana adabu, anaongea taratibu, alimwamkia baba kwa heshima zote. Baba akamuuliza swali lake lilelile. Kijana akasema, "Mzee, ukitumia dozi kamili siku 90, kisukari unakisahau." Akanyamaza. Baba akanitazama kama anayesema, umesikia? Makopo matatu, shilingi 420,000. Kaka alilipa nusu, baba akatoa nusu kwenye akiba yake. Baadaye ndipo nikajua kuwa kaka naye amejiunga, akileta mteja anapata chochote.

Tangu siku hiyo baba ameacha vidonge vya hospitali. Anasema mafundi wawili hawashiki injini moja. Wiki za mwanzo alisema anajisikia mwepesi, na kweli amepungua, suruali zinamvuka. Maji anakunywa sana. Kupima sukari hataki, kijana amemwambia vipimo vinamtia hofu tu. Halafu Ijumaa nilipompelekea chakula nikaona kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikamuuliza kinauma? Akasema hakiumi, ni kandambili tu zilimkwaruza.

Na kaka tumegombana. Mimi namwita yule kijana tapeli. Kaka anasema nimezoea kuzungushwa hospitali hadi nadhani kuzungushwa ndiyo ukweli. Mama yangu mzazi, ambaye ni mtu wa kanisani sana, anasema Biblia imeshamaliza: ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Hilo limenikaa kichwani, kwa sababu hata mimi mwanangu akianza kuzungukazunguka najua kuna kitu amevunja. Na daktari naye anazunguka. Sasa nani mkweli hapa?

Juzi usiku baba aliniita. "Wewe umesoma. Nitapona au sitapona? Nijibu neno moja." Nikashindwa, nikasingizia mtoto analia. Nimjibu nini?

Binti wa fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na kidonda, na hapo nina jibu fupi: mpeleke baba hospitali leo. Siyo siku ya kliniki, siyo wiki ijayo kaka akipata nafasi. Leo. Kama unasoma haya na bado hamjaenda, acha kusoma, yaliyobaki utayakuta jioni.

Yeye anajifariji kwamba hakiumi. Hicho ndicho kinachonitisha. Sukari ikikaa juu miaka kadhaa huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akakanyaga msumari asijue. Huharibu pia mishipa ya damu, kidonda kikakosa cha kukiponya. Ndivyo kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda kinavyoingia mpaka kwenye mfupa huku mwenyewe akitembea nacho, na ndivyo watu wanavyokatwa vidole, kisha miguu. Kiu ile unayoisema, na kupungua huko kunakofanya suruali zimvuke, ni dalili za kawaida za sukari iliyopanda: mwili unashindwa kuitumia, inatoka na mkojo, naye anayeyuka. Akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kusinzia asiamke vizuri, msingoje kupambazuke. Na asirudie vile vidonge vya zamani kwa kukisia. Miezi imepita, figo zake zinatakiwa zipimwe kwanza, daktari ndiye atakayesema aanze na nini na kwa kiasi gani.

Sasa swali lako. Umeona kwamba nimekujibu kwa neno moja na sikukudanganya. Kwa hiyo ufupi peke yake hauna kosa. Shida iko kwingine, na mfano wa mwanao umekupoteza kidogo. Ukimuuliza mtoto nani amevunja kikombe, unamuuliza jambo lililokwisha kutokea na jibu lake analo mdomoni. Akizunguka, anaficha. Baba yako anamuuliza daktari jambo ambalo halijatokea, na ambalo nusu yake liko mikononi mwa baba mwenyewe. Jibu la neno moja halipo bado. Yule kijana alilijibu swali la kesho kana kwamba ni la jana, na baba akasikia uhakika. Uhakika ule ulitoka wapi? Hajampima sukari, hajui figo zake zikoje, hajaomba hata avue viatu.

Mama yako mheshimu, lakini mrudie ile sura ya tano ya Mathayo msome pamoja. Yesu pale anawakataza watu kuapa, kwa mbingu, kwa nchi, kwa vichwa vyao. Anasema neno lako litoshe, usilitie viapo ili liaminike. Hakuna mahali anaposema kila swali lina jibu la neno moja. Na ukitazama vizuri, "siku 90 unakisahau" iko karibu zaidi na kiapo kuliko na ndiyo.

Kuhusu huyo kijana, utanishangaa: sitamwita tapeli. Simjui. Inawezekana kabisa anaamini kila neno analolisema, na pengine mama yake mwenyewe anatumia makopo hayohayo. Wewe na kaka mnagombania kama ni mkweli au mwongo, na hata mmoja wenu akishinda ugomvi huo, baba hajasaidika.

Kumbuka Loliondo. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia kijiji cha Samunge kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, yule tuliyemwita Babu. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilometa. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri, walitoka Kenya na mbali zaidi. Kikombe kimoja cha maji ya mizizi ya mti wa mugariga, shilingi 500, mara moja tu, na maradhi aliyoyataja yalikuwa makubwa: UKIMWI, kisukari, saratani. Jibu fupi kuliko hilo sijapata kulisikia maishani. Na mimi naamini mzee yule aliamini alichokisema. Alisema alioteshwa na Mungu, na shilingi 500 siyo bei ya mtu aliyekaa kupanga kuiba. Lakini virusi havikuijua nia yake. Wapo walioacha ARV, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, baada ya kikombe, wakarudi hospitali hali zimeshaharibika, na wapo ambao hawakurudi. Mzee alifariki mwaka 2021. Hakuna haja ya kumsema vibaya ili tukubali kwamba kikombe hakikutibu.

Moyo safi wa msemaji hauthibitishi alichokisema. Sisi tumelelewa kumsoma mtu: anatazama wapi, ameamkia vipi, sauti yake imetulia au inatetemeka. Kusoma huko kunasaidia sana kwenye mambo anayoyajua yeye peke yake, kama fedha alizokula au mahali alipolala. Kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe hajui, utulivu wake unakuonyesha tu kwamba hana wasiwasi, na mtu anaweza kukosa wasiwasi kwa sababu hajui ukubwa wa jambo.

Nisikufanye lakini uogope kila jibu rahisi, maana yapo yaliyookoa watu kuliko mitambo ya gharama. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana Bongaon, upande wa India, na kipindupindu kikawaingilia. Dripu zikawa zinaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwanywesha watu maji yenye chumvi na glukosi iliyopimwa, ndugu zao wenyewe wakiwa wanawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa 20 hadi 30 katika kila wagonjwa 100. Walionyweshwa maji yale walikufa chini ya 4. Wakubwa wa udaktari wa wakati ule wengi hawakutaka kuamini, ilionekana rahisi mno. Leo ndiyo ORS unayompa mwanao akiharisha, na pakiti isipokuwepo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa juu.

Weka maji yale karibu na kopo la kijana. Yote mawili ni majibu mepesi. Ila aliyekupa la kwanza alihesabu waliopona na waliokufa, akaonyesha hesabu zake hata kwa wasiompenda. Amekuambia kipimo, akakuonya kuwa ukizidisha chumvi utamdhuru mtoto. Amekuambia pia linapokoma: mgonjwa aliyezimia au asiyeweza kunywa, huyo anahitaji dripu, kimbia. Ukilisukuma jibu hilo kwa swali la pili na la tatu bado lina la kukuambia.

Ndiyo dawa yangu kwako, swali la pili. Kaka atakapomleta tena yule kijana, usimtukane. Mkaribishe, mpe chai, umuulize taratibu. Ndani ya kopo kuna nini, na kiasi gani? Kati ya wazee uliowauzia, nani haikumsaidia, na ulijuaje kwamba haikumsaidia kama vipimo hutaki wapime? Sukari ya baba ikipanda vibaya hadi 25 saa nane za usiku, nikupigie wewe, na wewe utafanya nini? Halafu umsikilize. Anayejua anachouza atakuwa na la kusema, hata likiwa "hilo silijui." Asiyejua atarudi kwenye lilelile la kwanza: mwamini tu, ushuhuda upo, wangapi wamepona. Jibu linalojirudia kila ukiliuliza limeishia pale, hakuna kitu nyuma yake.

Lile la ndani ya kopo usiliachie. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 ambao hawakuwa hata na kisukari walifikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya, na 4 wakafariki. Uchunguzi ukakuta dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume zilizokuwa zimetiwa glibenclamide kimyakimya. Unaliona jina hilo? Ni kidonge kilekile cha baba. Sisemi makopo yenu yana kitu kama hicho. Nasema hujui, baba hajui, na kijana naye pengine hajui. Kwa hiyo usiyatupe. Nenda nayo kliniki, daktari aone alichokuwa akitumia. Muulizeni pia kijana namba ya usajili wake, kwa kuwa dawa zina TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, na tiba asili ina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Usajili nao siyo cheti cha kwamba kitu kinaponya, lakini asiye nao kabisa ameshakujibu.

Na kama hoja ya kaka ni kwamba hii ni ya asili na ile ya hospitali ni kemikali, mwambie metformin nayo ina ukoo wa mmea. Kuna mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumika kwenye tiba za kienyeji huko karne nyingi. Dutu iliyomo ndani yake ndiyo iliyowaongoza wataalamu, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya metformin kwa wagonjwa wa kisukari. Kinachotofautisha kidonge na kopo siyo shamba na kiwanda. Ni kwamba kidonge kimeulizwa maswali ya pili kwa zaidi ya miaka 60: kinamfaa nani, kinamsumbua nani tumbo, mwenye figo zilizochoka sana asipewe.

Sasa niwageukie madaktari wetu, maana baba yako ana haki ya kukasirika. "Inategemea" ni neno la kweli, lakini likiachwa hapo linakuwa mlango uliofungwa. Mtu amelipa nauli, amekaa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, anaingia kwa dakika tano, anatoka na neno moja asilojua alifanye nini. Hilo nalo ni jibu rahisi. Linamrahisishia daktari. "Inategemea" ya haki huendelea: inategemea kipimo cha HbA1c, ambacho kinaonyesha sukari ilivyokaa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, cha kwako ni kadhaa, tunataka kishuke kifike hapa, kikifika tutapunguza hiki, kisipofika tutaongeza kile. Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili. Baba akiyasikia hatanuna, maana ni lugha yake.

Tena kuna jambo ambalo pengine hakuwahi kuambiwa, na ni haki yake kulijua. Ile kauli tuliyoizoea, "sukari haiponi, utameza vidonge mpaka kufa," imefupishwa mno. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa DiRECT, matokeo yakatoka mwaka 2017. Walichukua wagonjwa 306 wa kisukari cha aina ya pili, wanene, wote wakiwa ndani ya miaka sita tangu wagundulike na hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Nusu yao waliwekwa kwenye chakula kidogo sana, takriban kalori 830 kwa siku, supu na maziwa maalumu, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakasaidiwa kurudi kwenye chakula cha kawaida bila kunenepa tena. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 wa kundi hilo sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Waliopungua kilo 15 na zaidi, 86 katika 100. Mwaka wa pili wakabaki 36 katika 100.

Kwa hiyo kaka yako akisema "kuna watu wanaachana na vidonge," hasemi uongo. Wapo. Ila soma tena masharti yake: wanene waliopungua kwa kula kidogo chini ya macho ya wauguzi, vipimo juu ya vipimo, na bado zaidi ya nusu hawakufika. Baba yako anapungua kwa kuwa sukari inamla, na hayo mawili hayafanani hata kidogo. Watafiti wale hawakuandika "siku 90 unakisahau." Wangeweza, biashara ingekuwa nzuri. Waliandika 46, wakaandika na 54.

Ukienda kwa baba usiende na Singapore wala Uingereza. Nenda na gereji. Muulize: baba, mteja akikuletea gari linachemsha, akataka kabla hujashika spana umwambie litakuwa tayari saa ngapi na shilingi ngapi, ulikuwa unamjibu nini? Najua atakachosema. Atakwambia mpaka nifungue, inaweza kuwa themostati, inaweza kuwa pampu ya maji, rejeta imeziba, au ni gasketi ya silinda hedi, na hiyo ya mwisho ni kushusha hedi nzima. Sasa muulize alikuwa anawaonaje mafundi wanaosema "njoo saa kumi, elfu hamsini" boneti ikiwa bado imefungwa. Mwache azungumze, atazungumza sana. Akimaliza, umuulize la mwisho: fundi gani anamwambia mteja achomoe geji ya temperecha kwa sababu inamtia hofu? Usimalizie wewe. Baba yako amezisikiliza injini maisha yake yote, atafika mwenyewe.

Na lile swali la usiku, ulilolikimbia. Amelirahisisha kwa sababu anaogopa, mwanangu. Mtu mwenye hofu hataki somo, anataka kushikwa mkono. Ndiyo maana kijana alishinda: alimpa kitu cha kushika. Wewe nawe mpe, ila kiwe cha kweli. Kaa naye chini, simu zima, umwambie hivi au kwa maneno yako: "Baba, kama kupona ni kuamka siku moja kisukari kimeondoka na unakula unachotaka, siwezi kukuahidi, na anayekuahidi hajakufungua ndani akaona. Kama kupona ni kubaki na miguu yako miwili na macho yako, ukae kibarazani vijana waje wakuulize mambo ya injini miaka mingi ijayo, hilo linawezekana, watu wengi wenye ugonjwa wako wanaishi hivyo. Linaanza na kidonda hiki. Na mimi nitakuwa nawe kila kliniki." Akisisitiza neno moja, mwambie "sijui," umtazame usoni unapolisema, halafu uendelee na hayo mengine. Atakasirika kidogo. Lakini atakuwa amesikia kwamba pale unaposema unajua, unajua kweli, na siku utakapomwambia "baba, kata hiki chakula" au "baba, usiku huu twende," hatadhani ni maneno ya kumfariji.

Kaka yako msimfukuze kwenye jambo hili. Ana shilingi zake ndani ya makopo yale na ana jina lake kwa baba, kumrudisha kwa aibu ni kumfanya azidi kushikilia. Suala la faida anayoipata lisemwe, lakini lisemwe mkiwa wawili, siyo mbele ya wazee: kwamba mtu anayelipwa jibu likiwa ndiyo hawezi kuachiwa peke yake kulitoa jibu. Halafu mpe kazi. Yeye ndiye mkubwa, aendeshe gari, aingie na baba chumbani kwa daktari, na aulize yale yanayomsumbua kuhusu hospitali, yote, bila kuyameza. Mkiwa kwenye foleni chukueni karatasi myaandike: HbA1c ya baba ni ngapi, figo zikoje, kidonda kitasafishwa na nani na mara ngapi, ni dalili gani zikitokea tuje usiku, na unyayo upimwe kama bado una hisia. La kwanza kabisa liandikeni la baba kwa maneno yake mwenyewe, "hii kitu itaisha lini," na daktari akisema inategemea, msiondoke mpaka amalizie inategemea nini.